Programu Inayokwenda Nyarugusu Ibebe Zana Zake

Kijana anayeandika programu ya kompyuta Kahama mjini huijaribu kwenye mashine ileile aliyoiandikia. Humo kila kitu kimeshawekwa, kidogokidogo, kwa miaka: maktaba za C++, Python matoleo matatu, QGIS ya kuchorea ramani na makorokoro mengine ambayo mwenyewe ameshasahau kuwa aliyaweka. Programu inafanya kazi. Kisha inawekwa kwenye flashi, inapelekwa machimboni Nyarugusu, Rwamgasa au Kakola, na kufunguliwa kwenye laptopu ya karani wa chama cha wachimbaji ambayo haina zaidi ya Windows na Excel. Hapo ndipo inapojulikana nusu ya kazi ilikuwa inafanywa na nani.

Maana programu nyingi hazifanyi kila kitu zenyewe, na si lazima zifanye. Nyuma ya vitufe na picha kuna programu ndogo zisizo na dirisha. Zinapokea amri kwa maandishi, zinafanya kazi moja, zinatoka. Tesseract husoma maandishi yaliyomo kwenye picha, na ina data ya Kiswahili. FFmpeg hukata na kubana video. GDAL hushughulika na ramani za kila aina. Ni kazi za miaka mingi za watu wenye ujuzi. GDAL peke yake ilianzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998 na bado inaendelezwa. Kuziandika upya ni kupoteza muda, kwa hiyo tumia zilizopo. Ila uzibebe ndani ya programu yako pamoja na data zake zote, na uziite kwa anwani kamili bila kutegemea chochote kilichomo kwenye kompyuta ya mwenye nayo.

Nitatumia mfano wa ramani za leseni za uchimbaji, kwa sababu huku kwetu ndiko kosa la zana saidizi linakoweza kumuumiza mtu.

Ramani zetu za zamani za Tanzania, zile za kipimo cha 1:50,000, zimechorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na GPS za mkononi hutumia msingi mwingine, WGS84. Namba za mahali pamoja zinatofautiana katika mifumo hiyo miwili. Ukanda wote wa Shinyanga na Geita uko katika kanda ya 36 Kusini ya UTM, na hapa tofauti ni karibu mita 300 kaskazini-kusini na kama mita 80 mashariki-magharibi. Sasa chukua leseni ndogo ya hekta 10. Ikiwa ni mraba, kila upande una mita kama 316. Yaani namba za Arc 1960 zikisomwa kana kwamba ni za WGS84, eneo la mtu linahama kwenda kaskazini karibu upana wake wote, na linakaa juu ya jirani. Duara, yaani shimo, ambalo mwenye leseni analichimba kihalali linaonekana liko nje ya mpaka. Anayefahamu jinsi migogoro ya mipaka inavyowaka machimboni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kazi ya kubadilisha namba hizo hufanywa na zana ya GDAL iitwayo ogr2ogr, nayo kwa ndani huitegemea maktaba ya PROJ. Amri yenyewe ni fupi:

ogr2ogr -s_srs EPSG:21036 -t_srs EPSG:32736 mpya.gpkg zamani.gpkg

21036 ni Arc 1960 kwa kanda yetu, 32736 ni WGS84 kwa kanda hiyohiyo. Mwandishi wa programu huichukua ogr2ogr.exe na DLL zake, huziweka kwenye folda ya programu, anajaribu, inakubali, anafurahi. Kwenye laptopu ya karani inakataa na kusema haioni proj.db. Faili hilo la proj.db ndilo lenye maelezo ya mifumo yote ya vipimo. Lilianza kutumika na PROJ 6 mwaka 2019. Kwenye mashine ya Kahama lilikuwa linapatikana kimyakimya kutoka QGIS. Kwenye mashine ya Nyarugusu halipo, kwa hiyo 21036 ni namba tupu isiyo na maana.

Hili ndilo jambo ambalo waandishi wengi hulikosea. Zana saidizi si faili moja la exe. Ina DLL zake, ina data zake, na ina mahali inapotarajia kuzikuta data hizo. GDAL inataka folda yake ya data na ile ya PROJ. Tesseract inataka folda ya tessdata, na ukisahau swa.traineddata haitasoma Kiswahili. Ukiamua kubeba zana, beba na vyote hivyo. Usimwambie karani asakinishe QGIS ili apate GDAL: kisakinishi chake kinazidi gigabaiti moja, na bando hilo atalilipia mfukoni kwake kwa ajili ya mafaili machache unayoyahitaji wewe.

Kuna hatari ya pili, na hii inakera zaidi kwa sababu inatokea kwenye kompyuta ambayo imejaa zana. Mtaalamu wa ofisi ya upimaji ana PostgreSQL na PostGIS kwenye mashine yake. Kisakinishi cha PostGIS kwenye Windows huweza kuweka kigeu cha mazingira kinachoitwa PROJ_LIB kwa kompyuta nzima, kikielekeza kwenye proj.db yake. Programu yako ikizinduliwa inarithi kigeu hicho, zana yako nayo inakirithi kutoka kwa programu yako, na PROJ uliyoibeba wewe inakwenda kusoma faili la toleo jingine. Mara nyingi itagoma, na ujumbe wake utamchanganya kila mtu. Dawa ni kwamba kila unapoizindua zana, uitengenezee mazingira yake mwenyewe. Weka PROJ_LIB na pia PROJ_DATA (jina lililoanza kutumika tangu PROJ 9.1), weka GDAL_DATA, zote zielekee ndani ya folda yako. Usivibadilishe vigeu vya kompyuta nzima, maana utamharibia mwenzako kama ulivyoharibiwa. Vibadilishe kwa ajili ya mchakato ule mmoja tu unaouzindua.

Lakini kosa linalopiga kelele si baya kama lile la kimya. Kuna waandishi ambao, ili kukwepa proj.db, huandika mfumo wa vipimo kwa mkono: UTM, kanda ya 36, kusini, duaradufu ya Clarke 1880, basi. Wakiacha kutaja tofauti ya misingi, PROJ haigomi. Inachukulia misingi miwili kuwa sawa, inatoa namba, na namba hizo zina kosa linalokaribia zile mita 300. Hakuna onyo wala rangi nyekundu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba programu yako, kila inapofunguliwa, iipe zana yake mtihani mdogo: ichukue alama moja ya upimaji ambayo namba zake zinafahamika katika mifumo yote miwili, iibadilishe, ilinganishe na jibu sahihi. Ikitofautiana zaidi ya mita moja, programu isikubali kuchora ramani yoyote, na imwambie mtumiaji kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba zana ya vipimo ina kasoro. Jambo hili linachukua chini ya sekunde moja. Hapohapo, fahamu kwamba kati ya Arc 1960 na WGS84 kuna kanuni za kubadilisha zaidi ya moja, na zinapishana kwa mita kadhaa. Usiiachie zana ichague yenyewe. Ogr2ogr ina kigezo cha -ct cha kuitajia kanuni unayoitaka, na kanuni hiyo iandikwe kwenye kila ramani inayotoka.

Nimesema anwani kamili. Ukiita ogr2ogr kwa jina tupu, Windows itaanza kuitafuta kwenye folda ya programu yako, kisha kwenye folda ambayo programu inafanyia kazi wakati huo, kisha kwenye folda za mfumo, na mwishowe kwenye orodha ya PATH. Folda inayofanyiwa kazi inaweza kuwa ndani ya flashi ya mtu. Flashi za machimboni huzunguka mikono mingi, na virusi vinazunguka nazo. Faili baya likipewa jina la zana yako, programu yako inaweza kulizindua kwa mkono wake. Kwa hiyo itafute kwanza folda programu ilikosakinishwa, unganisha na jina la folda ndogo ya zana, ndipo uite. Faida nyingine ni kwamba Windows hutafuta DLL kuanzia kwenye folda ya exe yenyewe, basi kila zana na DLL zake zikae folda moja, tofauti na za programu kuu, zisigombane.

Namna ya kuipata folda hiyo inategemea ulichotumia kujengea. Anayetumia Electron akumbuke kwamba mafaili yake hufungwa ndani ya faili moja la asar, na spawn haiwezi kuendesha exe iliyomo humo. Zana zitolewe nje kwa extraResources, kisha zitafutwe kupitia process.resourcesPath. Anayetumia PyInstaller asipende sana ule mtindo wa faili moja, kwa sababu kila programu inapofunguliwa hujifungua upya kwenye folda ya muda: kwenye laptopu ya zamani ni kusubiri, na antivairasi nyingi huushuku mwenendo huo. Mtindo wa folda nzima ni bora. Tauri imekwisha kuweka utaratibu wake wa zana za pembeni, inataka tu jina la faili limalizike kwa aina ya mashine. Kwa Mac, ambazo huku utazikuta zaidi kwa wanajiolojia, zana zenyewe ziende Contents/MacOS au Contents/Helpers, data ziende Contents/Resources. Ukizichanganya, saini inakusumbua. Saini huanzia ndani kwenda nje: zana kwanza, programu kuu mwisho.

Sasa majina. Mkoa wa Geita una wilaya ya Nyang'hwale. Karani atafungua folda iitwayo Nyang'hwale, ndani yake faili la Leseni Nyang'hwale 2023, na kila herufi hapo ni mtego kwa mtu anayeunganisha amri kwa kubandika maneno. Nafasi inaikata anwani vipande viwili. Ile alama ya ritifaa kwenye jina, kwenye Linux, Mac na PowerShell, ni alama ya kufungua nukuu, na amri yote inayofuata inamezwa. Usitengeneze amri kama sentensi moja ndefu na kuipeleka kwenye dirisha jeusi la amri. Lugha karibu zote za leo zinakuruhusu kuizindua zana kwa kuipa orodha ya maneno, neno moja moja, bila kupitia dirisha hilo. Tumia njia hiyo daima. Ndiyo pia inayozuia mtu mwenye nia mbaya kuficha amri ndani ya jina la faili.

Hata hivyo orodha ya maneno haikuokoi kila mahali. Ukiiomba ogr2ogr ikuchagulie leseni za wilaya moja, unaandika sharti la SQL, na ndani ya SQL alama ileile ina maana yake. Sharti wilaya = 'Nyang'hwale' litavunjika katikati. Linatakiwa kuandikwa wilaya = 'Nyang''hwale', alama mara mbili. Na bado kuna la tatu: Word huigeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, kwa hiyo orodha iliyoandikwa kwenye Word na ile iliyoandikwa kwenye Excel zinaweza kuwa na Nyang'hwale mbili zinazofanana kwa jicho lakini tofauti kwa kompyuta, na leseni za upande mmoja hazitatokea kwenye ramani. Zisawazishe alama zote kabla hujaipa zana kazi, na uhakikishe maandishi yote yako katika UTF-8. Ukifanya kazi Geita, faili lako la kwanza la majaribio liitwe Nyang'hwale, lenye nafasi na kila kitu.

Karibu na hilo liko suala la nukta. Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama zinazotoka kwa wenzetu wa Kongo, huandika 12,5 pale sisi tunapoandika 12.5. Programu yako ikigeuza namba kuwa maandishi kwa desturi ya kompyuta hiyo, zana itapokea mkato badala ya nukta na kuelewa vingine. Ziandike namba kwa utaratibu usiofuata lugha ya mashine.

Ukishaizindua zana, isikilize. Inapomaliza huacha namba: sifuri maana yake salama, nyingine yoyote maana yake kuna tatizo. Ina njia mbili za kutoa maneno, moja ya matokeo na moja ya makosa, na zote mbili lazima zisomwe wakati kazi inaendelea. Ukiisubiri tu imalize bila kusoma, njia hiyo inajaa, zana inasimama kungoja nafasi, nawe unaisubiri zana. Wote mnaganda na karani anabofya mara kumi. Maneno ya makosa yahifadhi kwenye faili la kumbukumbu, kisha mtumiaji mwonyeshe sentensi yako ya Kiswahili. Mwekee kitufe cha kusitisha kinachoiua zana kweli, na programu ikifungwa, zana isibaki ikizunguka peke yake.

Umeme nao. Usiruhusu zana iandike moja kwa moja juu ya faili la mwenye kazi. Iandike kwenye faili la muda lililo folda ileile, namba ya kumalizia ikiwa sifuri ndipo ubadilishe jina. Umeme ukikatika katikati, kinachopotea ni faili la muda, orodha ya leseni inabaki ilivyokuwa. Folda ya zana iliyo chini ya Program Files isiandikwe chochote, maana mtumiaji wa kawaida hana ruhusa humo.

Kuna mashine nyingi za zamani mikoani. Baadhi zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na baadhi ni za biti 32. Amua mapema utazihudumia zipi na uliseme wazi kwenye ukurasa wa kwanza wa kusakinisha, kabla mtu hajapoteza jioni yake. Hakikisha zana zako zote ni za aina moja na mashine unayoilenga. Na ile vcruntime140.dll ambayo huonekana ipo kila mahali, haipo kila mahali. Iweke pamoja na exe yako.

Antivairasi itakushuku. Programu isiyofahamika inayozindua programu nyingine isiyofahamika ndiyo tabia ya virusi, na sioni sababu ya kuilaumu. Tia saini ya kidijitali kwenye kisakinishi na kwenye kila exe iliyomo, za wengine pia. Cheti cha saini kina gharama, na tangu Juni 2023 ufunguo wake lazima ukae kwenye kifaa maalumu, kwa hiyo kikundi cha waandishi kadhaa waliosajili kampuni moja kitakimudu kwa urahisi kuliko mtu mmoja mmoja. Usizibane exe kwa UPX ili kupunguza ukubwa. Unaongeza shaka tu. Kama saini bado huna, toa alama ya SHA-256 ya kisakinishi kwa njia tofauti na flashi, kwa mfano kwa ujumbe wa simu, na umwonyeshe karani jinsi ya kuihakiki kwa certutil iliyomo ndani ya Windows.

Leseni za zana zenyewe usizipuuze, hasa wewe unayewaandikia watu ambao riziki yao inasimama juu ya leseni. GDAL inatolewa kwa masharti mepesi ya MIT, Tesseract kwa Apache 2.0. FFmpeg inategemea ilivyojengwa: LGPL au GPL. Ghostscript ni AGPL, na hiyo inabana. Ukitaka kuiuza ndani ya programu iliyofungwa, utalazimika kununua leseni ya biashara au kutafuta zana nyingine. Kuizindua zana kama programu tofauti hakukuondolei wajibu wa kugawa maandishi ya leseni yake, na kwa zile za GPL, wajibu wa kutoa msimbo wake. Weka folda moja ya leseni, zote ziwemo.

Ukibeba zana umebeba na matengenezo yake. Septemba 2023 ilipogundulika hitilafu ya usalama kwenye libwebp, maktaba ya kusoma picha, haikutosha kusasisha Chrome. Kila programu iliyokuwa na nakala yake ilibidi itolewe upya. GDAL nayo inaweza kujengwa ikiwa na libwebp ndani. Kwa hiyo iondoe kila sehemu usiyoihitaji: kama unasoma GeoPackage na CSV tu, jenga GDAL ya hizo tu, nayo itakuwa ndogo na yenye milango michache. Masasisho uyatoe kwa vipande, ili karani wa Rwamgasa apokee folda ya zana peke yake kwenye flashi au kwa bando dogo, bila kupakua programu nzima. Na kwenye ukurasa wa Kuhusu Programu, orodhesha kila zana, toleo lake, toleo la proj.db na tarehe, kwa herufi kubwa za kusomeka, kwa sababu siku ya tatizo mtu atakusomea ukurasa huo kwa simu akiwa amesimama nje ya ofisi akitafuta mtandao.